Little Walter baada ya Muddy Waters: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wapenzi wa bluzi huyarudia kila jina la Little Walter linapotajwa. Unahusu zaidi miaka aliyorekodi kwa jina lake mwenyewe, kuanzia 1952 hadi alipofariki 1968. Kipindi alichokuwa mwanabendi wa Muddy Waters, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi wa Chicago, kinaguswa pale tu kinapohitajika ili kuifafanua miaka hiyo.

## Mambo ya msingi

Little Walter alikuwa nani?

Jina lake kamili lilikuwa Marion Walter Jacobs, Mmarekani mweusi kutoka jimbo la Louisiana, mpulizaji wa harmonika, mwimbaji na mtunzi, ambaye karibu kazi yake yote ilifanyika Chicago. Harmonika, ambayo wengine huiita kinanda cha mdomo, ilikuwa katika bendi nyingi za wakati wake ala ya kusindikiza, yenye kazi ya kujaza nafasi mwimbaji anapovuta pumzi. Walter aliileta mbele na kuipa uzito wa saksafoni, na kati ya 1952 na 1958 aliingiza nyimbo 14 katika kumi bora za chati ya R&B (rhythm and blues, muziki wa Wamarekani weusi) ya jarida la Billboard, mbili kati yake zikishika nafasi ya kwanza. Muddy Waters, aliyekuwa kiongozi wake, hakuwahi kufika nafasi hiyo.

Alizaliwa lini?

Tarehe inayotajwa sana ni 1 Mei 1930, katika mji wa Marksville, Louisiana. Wapo watafiti wanaoamini kwamba alizaliwa miaka kadhaa kabla ya hapo, na ndiyo maana umri wake hutofautiana kutoka maelezo hadi maelezo. Ukurasa huu unafuata mwaka 1930.

Je, Little Walter na Big Walter ni mtu mmoja?

La. Big Walter ni Walter Horton, mpulizaji mwingine hodari sana wa Chicago, mzaliwa wa Mississippi, aliyefariki 1981. Mkanganyiko unaeleweka, kwa sababu wote wawili walipuliza harmonika katika bendi ya Muddy Waters na wote wawili walitumia kipaza sauti. Kwa sikio lililozoea ni rahisi kuwatenganisha: Horton ana sauti pana, nzito na iliyotulia, ilhali Walter hukimbia, hukatiza mdundo na kurudi ndani yake kwa namna isiyotabirika.

Alifikaje Chicago?

Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akawa mtoto wa barabarani anayeishi kwa vibarua na kwa kupiga muziki. Alipita New Orleans, Memphis, Helena katika jimbo la Arkansas, na St. Louis, akijifunza kwa wakubwa waliomtangulia, akiwamo Sonny Boy Williamson wa pili. Katikati ya miaka ya 1940 alifika Chicago na kuanza kupiga kwenye soko la Maxwell Street, ambako wanamuziki waliotoka kusini walipiga hadharani wakitegemea sarafu za wapita njia.

Hapo hapo Maxwell Street ndipo aliporekodi mara ya kwanza, mwaka 1947, katika chumba cha nyuma cha duka la redio na santuri la Bernard Abrams, kwa lebo ndogo iliyoitwa Ora Nelle. Kwa hiyo, kwa maana finyu, alikuwa na santuri yenye jina lake kabla hajajiunga na Muddy Waters mwaka 1948. Hata hivyo santuri hiyo haikufika mbali, na kazi yake ya kujitegemea kwa kawaida huhesabiwa kuanzia 1952.

## Kuondoka kwa Muddy Waters

Wimbo wa «Juke» ulirekodiwaje?

Tarehe 12 Mei 1952 bendi ya Muddy Waters ilikuwa studio ikirekodi kwa kampuni ya Chess, iliyomilikiwa na ndugu wawili, Leonard na Phil Chess. Siku hiyo Walter alipewa nafasi ya kurekodi kwa jina lake. Akachagua wimbo wa ala tupu ambao bendi ilizoea kuupiga jukwaani wakati wa kuanza na kumaliza onyesho. Muddy na Jimmy Rogers walishika magitaa, Elga Edmonds akakaa kwenye drams. Toleo lililochaguliwa ni la kwanza walilolipiga hadi mwisho.

Santuri ilitoka mwezi Agosti kwa lebo ya Checker, tawi jipya la Chess, nayo ikakaa wiki nane kwenye nafasi ya kwanza ya chati ya R&B. Hakuna wimbo mwingine wa harmonika bila maneno uliowahi kufika hapo. Jina lililochapishwa kwenye lebo ni Little Walter and His Night Cats, ingawa bendi yenyewe ilikuwa ile ile ya Muddy.

Ni vizuri kufikiri jambo hili lilimaanisha nini kwa kijana wa miaka 22. Usiku alikuwa bado msindikizaji anayelipwa ujira wa msindikizaji, huku mitaani kila mashine ya santuri ya kutumbukiza sarafu ikipiga muziki wake. Wanaomlaumu kwa kuondoka ghafla mara nyingi hulisahau hilo.

Je, aliondoka kwa ugomvi?

Inasimuliwa kwamba bendi ilikuwa safarini Louisiana wakati «Juke» ilipoanza kuvuma, na kwamba Walter alirudi Chicago bila kungoja ziara imalizike. Aliondoka kwa pupa, lakini uhusiano wa kikazi haukukatika. Chess waliendelea kumwita studio kwa ajili ya rekodi za Muddy, kwa sababu Muddy alitaka sauti ile ile kwenye santuri zake. Harmonika inayosikika katika «Hoochie Coochie Man», iliyorekodiwa Januari 1954, ni ya Walter, zaidi ya mwaka mmoja baada ya yeye kuacha bendi.

Bendi yake mpya ilikuwa ya akina nani?

Aliwachukua The Aces, vijana waliokuwa wakipiga na mpulizaji Junior Wells: ndugu wawili wapiga gitaa, Louis Myers na Dave Myers, pamoja na mpiga drams Fred Below. Wells naye akaenda kuchukua nafasi iliyoachwa wazi kwa Muddy, hivyo ikawa kana kwamba wapulizaji wawili wamebadilishana bendi. The Aces wakabatizwa jina jipya, The Jukes.

Mchango wa bendi hii hautajwi inavyostahili. Below alikuwa amesomea drams na alikuwa na msingi wa jazi. Mdundo wake ulikuwa mwepesi na wenye kuruka, tofauti na mdundo mzito wa bendi ya Muddy. Ndugu Myers nao waligawana kazi, mmoja akipiga nyuzi za chini kama besi na mwingine akijibu harmonika. Juu ya msingi huo Walter aliweza kuchelewa, kuwahi au kunyamaza kabisa bila wimbo kuyumba. Katikati ya muongo huo magitaa yalipitia mikononi mwa wengine, hasa Robert Lockwood Jr., aliyejifunza gitaa kwa Robert Johnson mwenyewe, na Luther Tucker aliyekuwa bado kijana mdogo.

## Sauti yake

Je, ndiye wa kwanza kupuliza harmonika kwa kipaza sauti?

Hapana, na hakuna haja ya kumpa sifa isiyo yake. Snooky Pryor, kwa mfano, alieleza kwamba alianza kupitisha harmonika kwenye vipaza sauti mwaka 1945, baada ya kufanya hivyo na tarumbeta jeshini. Wapulizaji wengi wa mijini walihitaji umeme kwa sababu moja tu: wasifunikwe na magitaa ya umeme na drams.

Tofauti ya Walter ni kwamba aliuona umeme kuwa sehemu ya ala. Hakutafuta tu kusikika zaidi. Alitafuta sauti ambayo harmonika peke yake haiwezi kuitoa. Rekodi ya Muddy Waters iitwayo «Country Boy», ya Julai 1951, ndiyo ya kwanza inayomsikizisha akifanya hivyo kwenye santuri. Kuanzia hapo kila mwaka ulileta jambo jipya: mwangwi, mkwaruzo wa makusudi, noti ndefu zinazovimba na kupungua.

Sauti ile ilitoka wapi hasa?

Ilitoka katika mambo matatu yakiwa pamoja. La kwanza ni mikono. Walter alikifumbata kipaza sauti kidogo pamoja na harmonika ndani ya viganja, akaziba mianya ya hewa, na sauti kali za juu zikafifia huku zile za kati na za chini zikinenepa. Kwa kufungua vidole kidogo aliweza kuigeuza sauti katikati ya noti.

La pili ni amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti. Amplifaya za wakati huo zilitumia mirija ya kioo, na zilipoelemewa na sauti nzito zilianza kukwaruza. Wapigaji wengi waliliona hilo kuwa kasoro na kulikimbia. Walter aliliongoza, akipuliza kwa nguvu alipotaka mkwaruzo na kwa upole alipotaka sauti safi.

La tatu, ambalo ni kubwa kuliko yote, ni pumzi na ulimi. Aliziba baadhi ya matundu kwa ulimi ili apige noti moja, au noti mbili za oktavu kwa pamoja, kisha akauondoa ulimi ghafla na kuachia kodi nzima, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Anayenunua vifaa kama vyake bila kujifunza hili atapata kelele tu. Ushahidi upo kwenye rekodi zake za mwanzo zisizo na amplifaya, ambazo tayari zina ule ustadi wa kucheza na mdundo.

Alitumia harmonika za aina gani?

Zaidi alitumia harmonika ndogo ya matundu 10 na vijilimi 20 vya shaba, kimoja cha kupuliza na kimoja cha kuvuta katika kila tundu. Ile ya Marine Band iliyotengenezwa na kampuni ya Hohner ya Ujerumani ndiyo iliyokuwa ya kawaida kwa wapigaji wa bluzi. Alitumia pia harmonika kubwa ya kromatiki, yenye kitufe ubavuni kinachopandisha noti kwa nusu hatua, na hiyo ndiyo inayotoa ile sauti nzito yenye kiza katika baadhi ya nyimbo zake za taratibu. Katika «Blue Lights» ya 1954 anabadili harmonika ndani ya wimbo mmoja.

Kwa nini «Juke» iko kwenye ufunguo wa E ilhali inapigwa kwa harmonika ya A?

Kwa sababu wapigaji wa bluzi huipiga harmonika kwa kuvuta pumzi zaidi kuliko kupuliza. Kwenye harmonika ya A, kuvuta pumzi katika matundu manne ya kwanza hutoa kodi ya E, na noti hizo za kuvuta ndizo zinazoweza kupindwa kwa mdomo hadi zifikie zile noti za kilio zilizo roho ya bluzi. Hivyo bendi hupiga E na mpulizaji hushika harmonika ya A. Anayetaka kujifunza akifuatisha santuri hiyo na anunue ya A.

Alijifunza kwa nani kupiga namna hiyo?

Msingi wake ni harmonika ya kusini na ya Chicago, hasa ya John Lee Williamson, Sonny Boy wa kwanza, aliyeuawa Chicago mwaka 1948. Lakini Walter alipenda mno muziki wa saksafoni wa Louis Jordan, na alijizoeza kuipeleka misemo ya saksafoni kwenye harmonika. Hilo linaeleza kwa nini «Juke» au «Off the Wall» hazisikiki kama muziki wa shambani ulioongezwa umeme, bali kama muziki wa mjini, wa watu waliovaa vizuri wakaenda kucheza dansi.

## Uimbaji na utunzi

Je, alikuwa mwimbaji mzuri, au ni harmonika tu?

Alikuwa mwimbaji mzuri kuliko anavyosifiwa. Hakuwa na ngurumo ya Muddy wala ya Howlin' Wolf. Aliimba kwa sauti nyepesi yenye ukakasi kidogo, kama mtu anayezungumza na mwenzake mezani. Sikiliza «Last Night» ya 1954, wimbo wa taratibu wa kumpoteza rafiki mpenzi. Hapandishi sauti hata mara moja, kisha harmonika inachukua pale maneno yalipoishia na kuendeleza huzuni ile ile. Nyimbo nyingi kati ya zile 14 ni za kuimbwa, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba wasikilizaji walinunua harmonika peke yake.

Aliandika nyimbo zake mwenyewe?

Baadhi. Nyimbo nyingi za ala tupu na kadhaa za kuimbwa zimesajiliwa kwa jina la Walter Jacobs. Nyingine alizichukua kwa wengine na kuzigeuza: «Mean Old World» ilikuwa ya T-Bone Walker, na «Blues with a Feeling» ilikuwa imerekodiwa na Rabon Tarrant mwaka 1947 bila kuvuma. «Roller Coaster» ni ya Bo Diddley, ambaye ndiye anayepiga gitaa humo.

Katika bluzi mstari kati ya kutunga na kugeuza ni mwembamba, na tukimpima kwa maneno mapya tu tutamwonea. Toleo lake la «Blues with a Feeling» limebadilisha mwendo, kilio na mpangilio kiasi kwamba wapigaji waliokuja baadaye wanalifuata hilo, wala si la Tarrant.

«My Babe» ni ya nani?

Ni ya Willie Dixon, mtunzi na mpiga besi wa Chess, aliyechukua lahani ya wimbo wa dini «This Train», ulioimbwa kwa umaarufu na Sister Rosetta Tharpe, akauvisha maneno ya mapenzi. Dixon alisimulia kwamba ilimchukua muda mrefu kumshawishi Walter akubali kuurekodi. Ulirekodiwa Januari 1955 na kukaa wiki tano kwenye nafasi ya kwanza, wa pili na wa mwisho wa Walter kufika hapo.

Ni kweli kwamba «Juke» si yake?

Wimbo umesajiliwa kwa jina lake, lakini ule mwanzo wake wa noti zinazopanda unafanana sana na mwanzo wa «Snooky and Moody's Boogie», uliorekodiwa na Snooky Pryor mwaka 1948, na Pryor hakuacha kulisema hilo. Haki inataka kumpa Pryor mwanzo huo. Yanayofuata, beti baada ya beti, kila moja ikiwa na wazo lake na yote yakipanda pamoja, hayamo katika wimbo wa Pryor.

## Miaka ya kushuka

Kwa nini mafanikio yalikatika baada ya 1958?

Wimbo wake wa mwisho kuingia kumi bora ulikuwa «Key to the Highway», mwaka 1958, ambao uliwahi kurekodiwa na Big Bill Broonzy, aliyefariki Agosti mwaka huo huo. Baada ya hapo soko lilikuwa limehama. Tangu 1955 kampuni ile ile ya Chess ilikuwa na Chuck Berry na Bo Diddley, na vijana walitaka roki. Bluzi ya Chicago yote iliumia, si Walter peke yake.

Hata hivyo yeye aliumia zaidi, na sababu nyingine zilikuwa zake mwenyewe: pombe, hasira za haraka na mapigano yaliyomwachia makovu usoni. Rekodi za miaka ya 1960 ni chache na hazilingani. Siku nyingine pumzi ipo, siku nyingine haipo. Wanaosema alikuwa amekwisha kabisa wanatia chumvi, na wanaosema hakupungua hawajazisikiliza.

Alizunguka Uingereza na Rolling Stones mwaka 1964?

Alikwenda Uingereza mwaka huo, lakini habari kwamba alizunguka na Rolling Stones imekanushwa na Keith Richards mwenyewe, mpiga gitaa wa kundi hilo. Alirudi Ulaya 1967 na American Folk Blues Festival, msafara uliowaleta pia Koko Taylor na Hound Dog Taylor. Picha za filamu zilizopigwa katika msafara huo ni hazina, kwa kuwa karibu hakuna nyingine zinazomwonyesha akipiga.

Alifarikije?

Mwezi Februari 1968 alipigana na mtu wakati wa mapumziko ya onyesho kwenye klabu moja ya upande wa kusini wa Chicago. Hakuonekana kuumia sana, akaenda kulala nyumbani kwa mpenzi wake, na alfajiri ya tarehe 15 akafariki usingizini. Cheti cha kifo kinataja kuganda kwa damu katika mshipa wa moyo. Wengi wanaamini kwamba majeraha ya ugomvi huo yalichochea madhara ya mapigano ya zamani. Alikuwa na miaka 37.

Alizikwa katika makaburi ya St. Mary's, Evergreen Park, na kaburi lilikaa bila jiwe lenye jina hadi 1991, wapenzi wa muziki wake walipoliwekea moja.

## Urithi na maswali mengine

Kwa nini Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki, ilimweka kundi la wasindikizaji?

Aliingizwa 2008 katika kundi la wanamuziki waliowapigia wengine, na ndiye pekee aliyeingizwa humo kwa sifa ya kupuliza harmonika. Heshima ni heshima, na mchango wake kwenye santuri za Muddy unaitosha. Lakini mtu aliyeongoza bendi yake kwa miaka mingi na kuwa na nyimbo 14 katika kumi bora si msindikizaji, na uainishaji huo unawapotosha wanaolisikia jina lake kwa mara ya kwanza. Blues Hall of Fame ilikuwa imemwingiza tangu 1980 bila sharti la aina hiyo.

Filamu ya «Cadillac Records», inayohusu kampuni ya Chess, ni ya kuaminika?

Kama burudani, inatazamika, na Columbus Short anaiigiza vizuri hasira na haiba ya Walter. Kama historia, hapana: imebana miaka, haimwonyeshi Bo Diddley, na inamwonyesha Walter akimuua kwa risasi mtu anayejifanya yeye, jambo lisilojulikana katika maisha yake.

Nianze kusikiliza wapi?

Walter alikuwa mtu wa santuri za nyimbo mbili, hakuwa mtu wa albamu. Kwa sababu hiyo mkusanyo wa «The Best of Little Walter», uliotolewa mwishoni mwa miaka ya 1950, bado ni mlango mzuri: una nyimbo 12, na kumi kati yake zilikuwa zimeingia kumi bora. Ukimaliza huo, «The Complete Chess Masters», mkusanyo wa diski tano uliopata tuzo ya Grammy ya albamu ya kihistoria mwaka 2010, una kazi yake yote ya Chess. Nashauri usiuanze huo kwanza, kwa sababu rekodi za majaribio zitakuchosha kabla sikio halijazoea.

Albamu ya «Super Blues» ya 1967, aliyorekodi pamoja na Muddy Waters na Bo Diddley, iache hadi mwisho. Sababu zimo katika jibu kuhusu miaka ya kushuka.

Nimesikia «Juke» isiyofanana na ile ya santuri. Ni bandia?

Si bandia. Siku ile ya Mei 1952 walipiga wimbo huo zaidi ya mara moja, na toleo la pili lilitolewa miaka mingi baadaye kwenye mikusanyo. Njia rahisi ya kuyatambua ni kusikiliza mwanzo: toleo la santuri linafungua kwa zile noti zinazopanda na kurudiwa zilizotajwa katika swali la Snooky Pryor. Inafaa kuyasikiliza yote mawili kwa kufuatana, kwa maana misemo mingi inatofautiana, na hapo inadhihirika ni kiasi gani cha wimbo huo alikuwa akikibuni papo hapo.